EDWARD BOWLES: ALIYEPANDA ILI AGAWE

Wahenga walinena kuwa kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Methali hii twaitumia sana tuzungumzapo juu ya fedha na chakula, lakini ni mara chache tukumbukapo kwamba hata mpanda maua aweza kuwa mfano wake. Leo, ndugu msomaji, nakuletea habari za Mwingereza mmoja aliyefariki mwaka wa 1954, mtu ambaye karibu umri wake wote ulipita katika nyumba ile ile aliyozaliwa, akikusanya maua, akiyapanda, akiyachora na kuyagawa. Jina lake ni Edward Augustus Bowles. Miongoni mwa wapenda bustani wa nchi za baridi, jina hilo latajwa kwa heshima kama sisi tutajavyo majina ya malenga wetu wa zamani.

Huenda ukauliza, habari za maua ya Ulaya zatuhusu nini sisi wa nchi za jua? Nami nakujibu kwamba mambo yaliyompata mtu huyu ni yale yale yampatayo binadamu popote alipo: msiba wa ghafula, matumaini yaliyokatika, na swali la nini mtu afanye na siku zilizobaki. Msikilize basi, kisha utoe hukumu yako mwenyewe.

UA LENYEWE

Kwanza tulijue ua ambalo kwalo habari hii yaanzia. Katika nchi za baridi, mwezi wa Januari ardhi huwa ngumu kama jiwe na miti mingi haina hata jani moja. Wakati huo huo, pale ambapo mtu asingetaraji kuona kitu, hutoka ardhini mmea mdogo ambao kimo chake aghalabu hakizidi shubiri moja. Huwa na majani mawili au matatu, bua moja, na juu ya bua ua moja jeupe lililoinamisha kichwa kama mwari mwenye haya. Jina lake la Kiingereza lina maana ya tone la theluji, nami humu nitaliita ua la theluji. Wataalamu hutumia jina Galanthus, lililotokana na maneno ya Kigiriki yenye maana ya ua la maziwa, na aliyelitia jina hilo katika vitabu vya elimu ni Linnaeus wa Uswidi, mwaka wa 1753.

Ua hilo lina petali sita. Tatu za nje ni kubwa na nyeupe. Tatu za ndani ni fupi, na kila moja ina alama ya kijani. Chini ya ardhi mmea una tunguu, ya'ni kitu mfano wa kitunguu kidogo cha jikoni, ila hiki kina sumu na hakiliwi. Ncha za majani yake ni ngumu, zapenya udongo ulioganda. Usiku wa baridi kali mmea hulala chini ukadhani umekufa. Baridi ikilegea, husimama tena kana kwamba hapakuwa na jambo.

Kwa mpita njia, maua ya theluji yote ni mamoja. Lakini mwenye jicho la kutazama huona tofauti. Moja lina alama mfano wa herufi V iliyopinduliwa, jingine lina alama mbili, jingine halina alama kabisa. Moja lina petali chungu nzima zilizosongamana, jingine lina manjano mahali pa kijani. Lingine hutoka mwezi wa Oktoba kabla ya wenziwe wote, na lingine hungoja hadi Machi. Aina za asili, zile ziotazo zenyewe msituni na milimani kuanzia Ulaya hadi Uturuki, Caucasus na Iran, ni ishirini na kidogo tu. Lakini zile zilizopewa majina na watu wa bustani siku hizi zimepita 2,000.

Hapa pana siri moja ambayo lazima uishike, kwani ndiyo ufunguo wa habari yote. Mbegu ya ua la theluji haizai mtoto aliye sawa sawa na mama yake. Ukitaka aina ile ile uipendayo, hapana budi ungoje tunguu lizae vitoto ardhini, kisha uvitenge na kuvipanda kimoja kimoja. Hiyo ni kazi ya miaka, si ya miezi. Kwa hiyo aina iliyoko katika bustani moja peke yake ni kama utenzi ulio kichwani mwa mzee mmoja ambao haujaandikwa wala kufunzwa mtu. Siku ya mauti yake, na utenzi umekufa.

MTOTO WA NYUMBA YA MTO

Bwana Bowles alizaliwa tarehe 14 Mei mwaka wa 1865 katika nyumba iitwayo Myddelton House, huko Bulls Cross, Enfield, kaskazini ya London. Siku hizo Enfield ilikuwa bado ni shamba, mji wa London haujaimeza. Jina la nyumba lilitokana na Sir Hugh Myddelton, mtu aliyesimamia kazi ya kuchimba mfereji wa kuwaletea watu wa London maji safi kutoka chemchemi za Hertfordshire. Mfereji huo, uliofunguliwa mwaka wa 1613 na urefu wake ukiwa zaidi ya kilomita 60, huitwa Mto Mpya, japo si mto na si mpya. Mkono wake mmoja ulikatiza ndani ya bustani ya akina Bowles, na baba yake Edward alikuwa gavana wa mwisho wa kampuni iliyoumiliki. Kwa upande mmoja, mababu wa familia hiyo walikuwa Waprotestanti wa Kifaransa waliokimbilia Uingereza kwa ajili ya dini yao.

Basi hakuzaliwa katika dhiki. Lakini mali haizuii maradhi. Alipokuwa mtoto mdogo aliugua, na ugonjwa ule ukaharibu jicho lake la kulia hata likawa halimfai. Kwa sababu ya afya yake hakupelekwa katika shule za bweni kama watoto wa matajiri wenziwe, bali alisomeshwa nyumbani. Mtoto asiye na wenzi wa kucheza nao darasani huangalia kilichoko karibu naye, na kilichokuwa karibu naye ni wadudu, nyasi, na maua yaliyokuwa kando ya ule mfereji. Ni ajabu kwamba mtu aliyekuja kutambua tofauti ya kidoa cha kijani katika petali, alizitambua tofauti hizo kwa jicho moja.

Alipokuwa kijana alikwenda Cambridge, katika Chuo cha Jesus, kusoma elimu ya dini. Nia yake ilikuwa moja tu: awe kasisi. Tena hakutaka ukasisi wa starehe huko mashambani. Moyo wake ulivutwa na kazi katika mitaa ya maskini, mashariki ya London.

Mwaka wa 1887 mambo yakageuka. Kifua kikuu, ambacho siku zile hakikuwa na dawa, kiliingia nyumbani kwao. Ndugu yake John akafariki, na dada yake Medora akafariki pia. Kati ya kifo cha kwanza na cha pili haikupita hata miezi mitatu. Wazazi walibaki wamevunjika moyo, na Edward, aliyekuwa na umri wa miaka 22, akaamua kurudi nyumbani akae nao. Ukasisi akauacha. Hakuoa, wala hakuwa na kazi ya mshahara, wala hakuhama tena nyumba ile hadi siku ya kufa kwake.

Watu wengi wakipatwa na hali hiyo huona kwamba maisha yao yamekwisha kabla hayajaanza. Yeye alishika jembe.

ARDHI KAVU NA MKONO WA ELLACOMBE

Usidhani kwamba alikuta ardhi nzuri. Udongo wa mahali pale ni kokoto na mchanga, maji hayakai, na mvua ni chache kuliko sehemu nyingi za Uingereza. Miti mikubwa ya kale ilinyonya kidogo kilichokuwapo. Bustani aliyoikuta ilikuwa ya mtindo wa zamani, miti ya kijani kibichi na nafasi chache za maua. Aliibadili sehemu baada ya sehemu, mwaka baada ya mwaka, akichimba na kupalilia kwa mikono yake mwenyewe ingawa watunza bustani walikuwapo.

Kila fundi ana mwalimu wake. Mwalimu wa Bowles alikuwa Canon Henry Ellacombe, kasisi wa kijiji cha Bitton katika Gloucestershire, mzee aliyemzidi miaka zaidi ya arubaini. Ellacombe alikuwa na bustani mashuhuri iliyojaa mimea ya nadra, naye alisifika kwa kugawa. Mgeni aliyekwenda Bitton alirejea na mizizi na matunguu kwapani. Bowles alipokea mengi kutoka kwa mzee huyo, na kubwa zaidi alilopokea ni ile tabia yenyewe. Alijifunza kwamba katika bustani kupa si kupungukiwa, kwani alichokupa rafiki chaweza kufa kwako kikabaki kwake, ukenda ukaomba tena.

Kulikuwa na jambo jingine ambalo lingemchekesha mtu kama si kwamba lilimwumiza. Bwana huyu aliyependa maua kuliko chochote alikuwa akidhuriwa na vumbi lake. Msimu wa nyasi kutoa maua ulipofika, alishikwa na chafya, machozi na pumu hata asiweze kukaa nyumbani. Ikambidi akimbilie milima ya Alps iliyo mirefu, ambako hewa yamfaa. Lakini mpenda maua ukimkimbiza bustanini, huenda akaokota mengine mlimani. Kila aliporudi alikuwa amebeba mimea katika mabati na vikapu. Ndivyo maradhi yalivyomgeuza kuwa msafiri na mkusanyaji.

Bustani yake haikukosa vituko. Alikuwa na kipembe alichokiita nyumba ya wendawazimu, akapanda humo mimea yote iliyoota kinyume cha desturi, kama vile mti wa hazeli ambao matawi yake hujipindapinda kama visukuo. Tena mwaka wa 1904, mnara wa mawe uliokuwa sokoni Enfield ulipoondolewa, yeye aliuchukua akausimamisha bustanini na kupanda mawaridi kuuzunguka. Kilichotupwa na wengine alikitafutia mahali.

JAMAA WA ZAFARANI

Kabla hatujarudi kwa ua la theluji, yafaa kutaja kwamba kilichomtangulizia sifa ni ua jingine, nalo ni krokasi. Huenda jina hili geni, lakini jamaa yake mmoja twamjua vyema jikoni kwetu, kwani zafarani itiwayo katika biriani ni nyuzi za ua la aina moja ya krokasi. Bowles alikusanya krokasi za kila namna, akazizalisha kwa mbegu, akazichunguza mpaka maganda ya matunguu yake, hata wenziwe wakambandika jina la mfalme wa krokasi. Zile mpya zilizotoka mikononi mwake alizipa majina ya ndege, na mojawapo, nyeupe iitwayo Snow Bunting, ilipendwa kiasi cha kuenea bustani nyingi.

Hakuwa amesomea elimu ya mimea chuoni, lakini wasomi walimwuliza. Alikuwa pia mchoraji hodari. Alikaa mbele ya ua na rangi za maji, akalichora kama lilivyo, bila kulipamba. Michoro yake mingi imehifadhiwa London mpaka leo.

Mwaka wa 1908 aliingia katika baraza la Chama cha Kifalme cha Bustani, chama kilichoasisiwa mwaka wa 1804. Mwaka wa 1916 kilimtunuku Nishani ya Victoria ambayo ndiyo heshima kubwa ya wakulima wa bustani nchini humo, na kuanzia mwaka wa 1926 akawa mmoja wa makamu wa rais. Aliketi katika kamati zake nyingi kwa miaka na miaka.

Vitabu vyake vilivyompa jina ni vitatu, vyote juu ya bustani yake mwenyewe: cha majira ya kuchipua na cha kiangazi vilitoka mwaka wa 1914, na cha mapukutiko na baridi kikatoka mwaka wa 1915. Baadaye aliandika kitabu cha krokasi mwaka wa 1924 na cha nargisi mwaka wa 1934. Mtu akisoma vile vitatu vya kwanza, ahisi kama achukuliwa mkono na mwenyeji na kuonyeshwa njia moja baada ya nyingine, huku mwenyeji akichekacheka.

Hata hivyo kitabu cha kwanza kilimletea fadhaa. Dibaji yake aliandikiwa na rafiki yake Reginald Farrer, kijana mwenye kalamu kali ambaye walisafiri pamoja katika Alps. Farrer akatumia nafasi hiyo kuwadhihaki matajiri wanaojijengea milima ya bandia bustanini kwa nguvu ya fedha. Sir Frank Crisp, tajiri aliyekuwa amejenga mfano wa mlima Matterhorn katika bustani yake ya Friar Park, akaona ni yeye asemwaye. Akaandika karatasi ya kujibu, lakini shabaha yake ikampiga Bowles, ambaye hakuandika hata neno moja la dhihaka ile. Karatasi hizo zikagawiwa watu mlangoni mwa maonyesho makubwa ya maua ya Chelsea mwaka huo wa 1914. Fikiria aibu iliyomfika mtu mpole asiyependa ugomvi na mtu! Juu ya hayo hakumkana Farrer. Urafiki wao ukaendelea hadi Farrer alipofariki katika milima ya Burma mwaka wa 1920.

ILIYOFIA MIKONONI MWA MTU MMOJA

Sasa turudi kwa ua la theluji. Bowles alipokuwa kijana, Waingereza walianza kushikwa na hamu ya maua haya kwa sababu aina mpya zilikuwa zikiingia kutoka nje. Mwaka wa 1874 Henry John Elwes, mwindaji na msafiri wa Gloucestershire, alilikuta milimani karibu na Izmir, Uturuki, ua la theluji kubwa lenye majani mapana, ambalo sasa laitwa kwa jina lake. Na kabla ya hapo, wanajeshi waliopigana vita vya Crimea, kati ya mwaka wa 1853 na 1856, walirudi makwao na matunguu ya aina yenye majani yaliyokunjwa kingo. Hebu tafakari: askari ametoka katika vita ambavyo baridi na maradhi viliua wengi kuliko risasi, naye mfukoni amebeba ua. Tunguu moja la asili hiyo lililelewa huko Warham, Norfolk, kisha likafika kwa Bowles, naye akalieneza kwa wengine.

Miongoni mwa wakusanyaji wa wakati ule hapakuwa na aliyemshinda James Allen wa Shepton Mallet, katika Somerset. Huyu hakutosheka na kukusanya, bali alichanganya aina moja na nyingine akazalisha mpya. Mwaka wa 1891 Chama cha Kifalme cha Bustani kilipofanya mkutano juu ya maua ya theluji, Allen alikuwa mmoja wa wasemaji wakuu. Alikuwa na aina zaidi ya mia moja.

Kisha balaa likaingia. Ukungu wa kijivu uliozesha matunguu yake ardhini, na nzi ambaye funza wake hula moyo wa tunguu akamalizia yaliyosalia. Kazi ya miaka mingi ikateketea. Katika aina zote alizozizalisha, zilizotufikia ni kidogo tu, kama vile zile ziitwazo Magnet na Merlin. Na kwa nini hizo zikabaki? Kwa sababu zilikuwa zimekwisha kutoka bustanini mwake zikaenda kwa watu wengine. Alichokiweka kilipotea, alichokitoa kikabaki.

Bowles aliishi kwa kanuni hiyo. Alipanda maua ya theluji chini ya miti na kwenye kingo za njia, akaandika tofauti ya kila moja, na mwaka wa 1918 akachapisha makala juu yake katika jarida la chama. Aina ikiongezeka kidogo tu, aliigawa. Yasemekana ni nadra mgeni kutoka Myddelton House mikono mitupu. Kikapu kilijaa kabla ya kwaheri. Maarifa nayo hakuyaficha. Mwishoni mwa umri wake aliandika sura ya aina za bustanini kwa ajili ya kitabu cha maua ya theluji cha Sir Frederick Stern. Kitabu hicho kilitoka mwaka wa 1956, yeye akiwa amekwisha kufariki miaka miwili. Wakusanyaji waliomfuata waliyajua majina na sura za aina nyingi kwa sababu yeye aliyaandika.

VIJANA WA BOWLES

Nilisema kwamba ukasisi aliuacha. Pengine ni haki zaidi kusema kwamba aliufanya kwa njia nyingine. Katika kanisa la Jesus la Forty Hill, karibu na kwake, alihudumu kama msomaji asiyekuwa kasisi, akafundisha watoto siku za Jumapili. Watoto wa kiume wa wafanya kazi wa pale jirani waliingia bustanini kwake kama kwao. Aliwafundisha jioni, akawaachia wavue samaki, na baridi ilipogandisha bwawa waliteleza juu ya barafu. Nao walimsaidia kupalilia na kupanda. Watu wakawaita vijana wa Bowles. Wale maskini aliotaka kuwafuata mashariki ya London, aliwapata mlangoni pake.

Hakuwa mwalimu wa wavulana tu. Msichana mmoja aliyezaliwa pale Bulls Cross mwaka wa 1907, Frances Everett, alitiwa moyo na mzee huyu afuate elimu ya bustani wakati ambapo kazi hiyo ilihesabiwa kuwa ya wanaume. Aliolewa akaitwa Frances Perry, akawa mwandishi mashuhuri wa mambo ya maua, na mwaka wa 1968 akawa mwanamke wa kwanza kuchaguliwa katika baraza la kile Chama cha Kifalme. Mbegu nyingine huchelewa kuota, lakini huota.

Baada ya wazazi wake kufariki aliendelea kukaa katika nyumba ile. Dunia ilibadilika, yeye hakubadilika. Umeme hakuutia, simu hakuitaka. Aliishi kwa taa na mishumaa. London ilisogea, reli na nyumba zikaja, vita viwili vikuu vikapita. Jicho lililokuwa zima likaanza kufifia, na bado alijikokota bustanini kutazama kilichotoka.

Alifariki tarehe 7 Mei mwaka wa 1954. Zilibaki siku saba atimize miaka 89.

BUSTANI BILA MWENYEWE

Hakuacha mtoto. Nyumba ikaingia mikononi mwa taasisi za Chuo Kikuu cha London, na sehemu ya bustani ikatumiwa kupandia mimea ya dawa. Kingine chote kikaachwa. Magugu yakapanda, njia zikafunikwa, na ule mkono wa mfereji uliokatiza bustani ukafukiwa. Mwishoni mwa miaka ya 1960 mahali pale pakanunuliwa na mamlaka ya hifadhi ya bonde la mto Lea. Hata hivyo ilipita miaka mingi zaidi kabla ya kazi ya kuifufua kuanza kwa bidii. Mwaka wa 1992 wapenzi wake waliunda jumuiya ya kuhifadhi jina na kazi yake, na mwaka wa 2011 bustani ilifunguliwa upya baada ya matengenezo makubwa.

Wafufuaji walistaajabu kwa jambo moja. Maua ya theluji yalikuwa bado yapo. Chini ya magugu ya nusu karne, bila mtu wa kuyamwagilia wala kuyaita kwa majina, yalikuwa yakitoka kila Januari na kuongezeka kimya kimya. Na mengine yaliyokuwa yamepotea pale yalipatikana kwa watu, kwani babu zao walipewa na marehemu. Mimea zaidi ya arubaini yachukua jina la Bowles katika bustani za dunia, kutoka nyasi za rangi ya dhahabu hadi ua jeusi la viola.

Mwaka wa 2002, humo humo bustanini mwake, lilionekana ua la theluji ambalo hakuna aliyelijua. Petali zake sita zote zalingana urefu, na zote ni nyeupe pe pasi na doa la kijani. Likapewa jina lake kamili, E. A. Bowles. Mwezi wa Februari mwaka wa 2011 tunguu moja la ua hilo liliuzwa kwa mnada, na bei yake ikafika pauni 357. Wakati huo haijapata kusikiwa bei kama hiyo kwa tunguu la ua la theluji. Baadaye ikapitwa, mwaka wa 2022 tunguu la aina nyingine, Golden Tears, lilifika pauni 1,850.

Sijui mzee Bowles angalisema nini kama angaliiona siku hiyo. Jina lake limeuzwa ghali, naye katika uhai wake alikuwa akimjazia mgeni kikapu bila kuuliza bei. Siwalaumu wanunuzi, kwani mapenzi ya kitu humfanya mtu afungue mfuko. Lakini ningependa kuwakumbusha habari ya Allen wa Shepton Mallet. Ua linunuliwalo kwa fedha nyingi likafungiwa ndani ya uzio wa mtu mmoja, liko hatarini kuliko lile la bure lililotawanyika katika viambo vya majirani kumi. Ukungu hautambui bei.

Na sisi tusiokuwa na theluji, tuna vyetu. Kuna miche ya asumini iliyopandwa na bibi zetu, kuna aina za embe ambazo jina lake lajulikana mtaa mmoja tu, kuna mashairi yaliyo vichwani mwa wazee wawili au watatu. Aliye nacho, na amkatie jirani kitawi. Mtu mmoja wa Enfield aliyepoteza ndugu, dada, jicho na ukasisi alituonyesha kwamba hakuna ghala iliyo salama kama mikono ya wengine.